Mgongo wa Bibi, Godoro la Chiriku

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakukubali mtu mwingine aifanye. Alichemsha maji, akayapoza mpaka kiwiko chake kikaridhika, akayamimina kwenye beseni la bluu na kumpelekea bibi yake chumbani. Bibi alitumbukiza mikono yote miwili, akafumba macho, na Chiriku akahesabu polepole hadi mia tatu. Vidole vya bibi viliamka vimekakamaa, na bila maji ya moto visingeweza hata kufunga kifungo cha blauzi.

"Umeamkaje, bibi?" Chiriku aliuliza kila siku.

"Salama, mwenzangu. Na wewe?"

"Salama."

Salama ya bibi ilikuwa haina likizo. Mvua ikivuja juu ya kitanda, salama. Akikohoa usiku kucha, salama. Nadhani hata paa lingeezuliwa na upepo, bibi angekaa pale chini ya mawingu na kujibu kwamba ameamka salama.

Jina la Chiriku halikuwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Alipewa na bibi huyu huyu, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kujua kunyamaza. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na mdomo wake ulikuwa bado haujachoka. Bibi alikuwa fundi cherehani, mama mzaa baba. Kwa miaka arobaini alikuwa ameuvisha mtaa mzima, na Chiriku ndiye aliyekuwa akimshikia futi ya kupimia na kumwandikia vipimo kwenye daftari: kifua, kiuno, urefu wa mkono.

Miaka tisa iliyopita ugonjwa wa viungo ulimwingia bibi kwenye vidole, magoti na nyonga. Muuguzi wa zahanati aliutaja kwa jina refu. Bibi akalifupisha, akauita Mgeni. Alikuwa akisema kwamba Mgeni huyo alikuja bila taarifa, anakula bila kuchangia, na hata haya hana. Basi wakaishi naye hivyo hivyo, kwa dawa za zahanati na maji ya moto.

Shida kubwa ilikuwa godoro. Chiriku na bibi walilala kitanda kimoja, na godoro lao lilikuwa na umri mkubwa kuliko Chiriku mwenyewe. Katikati lilikuwa limefanya bonde. Usiku, mmoja wao alianzia upande wa ukutani na mwingine upande wa mlangoni, lakini alfajiri iliwakuta wote wawili bondeni, mbavu kwa mbavu. Na baba yake Chiriku alikuwa seremala, tena seremala wa vitanda. Mganga hajigangi, wahenga walisema, nao hawakukosea.

Mwezi ule nyumba ilikuwa na furaha na haraka. Shangazi yake Chiriku, kitinda mimba wa bibi, alikuwa anaolewa baada ya wiki nne. Mabinti wawili wa kwanza wa bibi waliolewa wakiwa wamevaa magauni aliyoyashona mama yao kwa mkono wake. Bibi aliapa kwamba wa tatu hatatoka nyumbani na gauni la dukani wakati cherehani bado inazunguka. Kitambaa cheupe kilikuwa tayari kimekunjwa juu ya kabati, na kila jioni bibi alikigusa kidogo kwa kiganja kabla ya kuzima taa.

Baba alipompeleka bibi zahanati, muuguzi alimwuliza jambo ambalo hakulitarajia: mama yako analala juu ya nini? Akamweleza kwamba mwenye maumivu ya viungo asipopata usingizi, kesho yake huyasikia maumivu hayo mara mbili, na maumivu yakizidi, usingizi nao hukimbia. Hakuna godoro linaloponya ugonjwa huu, alisema, lakini godoro baya linaweza kuuongezea nguvu. Akashauri bibi mwenyewe ajaribu godoro kabla halijanunuliwa, alale juu yake kwa muda wa kutosha, kama anavyolala nyumbani.

Baba alirudi akamwita Chiriku. Akamwagiza kwamba Jumamosi asubuhi ampeleke bibi kwenye duka la magodoro lililo mtaa wa pili, alale juu ya kila moja mpaka apate linalomfaa. Mchana baba angekuja na mkokoteni kulichukua.

Sasa, Jumamosi ile ile timu ya Chiriku ya kuruka kamba ilikuwa na mazoezi uwanjani. Na wewe msomaji unajua jinsi bibi mwenye magoti mabovu anavyotembea. Anasalimia kila mlango, anapumzika kila kivuli, anauliza habari za watoto mpaka na mbuzi. Chiriku alipiga hesabu ya mwendo ule akaona mazoezi yatakwisha kabla hawajafika dukani. Akamwacha bibi anachambua uzi, akatoka mbio peke yake.

Mwenye duka alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye watoto walimwita Bwana Usingizi kwa sababu alipenda kusinzia mlangoni juu ya bidhaa zake. Mwenyewe alisema anatangaza biashara. Chiriku alimwamkia, akarukia godoro la kwanza, akajigaragaza. Gumu. La pili, hivi hivi. La tatu lilimmeza kama rundo la unga, laini ajabu, akabaki ametoa pua tu. Akasema hili.

"Anayelala ni nani?" aliuliza Bwana Usingizi.

"Bibi yangu. Ana ugonjwa wa viungo."

"Basi yuko wapi huyo bibi? Godoro si embe, halichaguliwi kwa kubonyeza."

"Miguu inamuuma," alijibu Chiriku, akiangalia pembeni. "Amesema nimchagulie mimi."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili aliusema mchana, baba alipouliza kama bibi ameyajaribu magodoro vizuri, naye akajibu kwamba ameyajaribu yote na hili ndilo alilolipenda. Uongo hauzaliwi pekee, huja na pacha wake.

Baba alilipandisha godoro kitandani, likiwa bado kwenye nailoni yake, linang'aa. "Haya mama," alisema kwa furaha, huku akijifuta jasho, "godoro lako ulilolichagua mwenyewe hilo hapo."

Bibi alilitazama godoro. Kisha akamtazama Chiriku, ambaye ghafla alikuwa anavichunguza vidole vyake vya miguu kana kwamba ni mara ya kwanza kuviona.

"Ndilo," alisema bibi. "Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Chiriku alishusha pumzi. Alidhani mambo yamekwisha. Baba alitaka kuichana nailoni, bibi akakataa katakata. Kitu kipya hakivuliwi nguo siku ya kwanza, alisema, kitashika vumbi. Basi wakatandika shuka juu ya nailoni, na usiku kila walipojigeuza kitanda kikalia kwacha kwacha kama watu wanakula bisi.

Chiriku alilala fofofo. Bibi hakulala. Nyonga zake zilizama ndani ya ile sponji laini, mgongo ukapinda, na kujigeuza upande wa pili kukawa kazi ya kuomba msaada, naye hakutaka kumwamsha mjukuu wake. Nailoni nayo ilimtoa jasho. Lakini asubuhi, beseni lilipoletwa na swali likaulizwa, jibu lilikuwa lile lile: salama.

Baada ya siku chache beseni moja halikutosha. Chiriku alihesabu mia tatu, akachemsha maji mengine, akahesabu mia tatu tena, na bado kidole gumba cha bibi kilikataa kukunjika. Asubuhi moja aliamka mapema akamkuta bibi hayupo kitandani. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani, khanga mabegani, kichwa kimeegemea ukuta. Chiriku alimwuliza amekaa pale tangu saa ngapi. Bibi alisema ameamka sasa hivi tu, lakini kiti kilikuwa tayari kimeshika joto la mwili wake.

Alhamisi alirudi kutoka shule akamkuta bibi amesinzia juu ya kazi, shavu kwenye kitambaa cheupe. Mkono wa gauni ulikuwa umeshonwa mshazari. Ulionyesha matundu ya sindano ya mishono iliyofumuliwa mara tatu. Bibi alizinduka, akauangalia mkono ule kwa muda mrefu, halafu akaanza kukikunja kitambaa taratibu na kukitia kwenye mfuko. Shangazi alikuwa mlangoni.

"Kesho mpelekee yule fundi wa sokoni," bibi alimwambia. "Anashona vizuri. Vidole vyangu vimegoma, mwanangu, na siku zinakwisha."

Shangazi alisema haidhuru mama, gauni ni gauni. Kisha akaenda uani akaosha vyombo ambavyo Chiriku alikuwa ameshaviosha. Alivisugua kwa nguvu, nyumba ameipa mgongo, na Chiriku alijua analia. Moyo ukamwuma kweli kweli.

Mtu mwenye kosa kwanza hutafuta njia ya uchochoro. Chiriku alienda kwenye karakana ya baba nyuma ya nyumba, akachagua ubao mpana miongoni mwa vipande vilivyobaki, akauweka kichwani. Alipanga kuusukumia chini ya godoro, juu ya chaga za kitanda, ili liwe gumu na hadithi iishie hapo. Hakuwa amefika mlangoni.

"Ubao huo wa nini?" aliuliza baba bila kuinua macho kwenye randa.

Jibu lilikuwa tayari ulimini: wa shule, mwalimu ametuagiza. Lilikuwa jibu zuri, na baba angeliamini. Lakini Chiriku alikumbuka ule mgongo wa shangazi uani. Akautua ubao chini, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikosa maneno. Yalipokuja, yalikuja pamoja na kamasi na machozi: mazoezi, duka, uongo aliomwambia Bwana Usingizi, uongo aliomwambia baba, kila kitu.

Baba hakumgombeza. Alikung'uta maranda kwenye aproni yake, akakaa juu ya benchi la kazi. Akasema kwamba ameudhika sana, tena ataudhika mpaka kesho, lakini si yeye aliyelala vibaya. Akamshika mkono wakaenda chumbani kwa bibi.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akapapasa kitanda pembeni yake, nailoni ikalia kwacha, na Chiriku akaketi.

"Nilijua tangu siku ile ile," alisema bibi.

"Sasa mbona ulisema ndilo?"

"Sikutaka uaibike mbele ya baba yako. Nikasema kesho ataniambia mwenyewe. Kesho ikawa kesho kutwa." Bibi alicheka kidogo, cheko la kujihurumia. "Na mimi kila asubuhi nakuambia salama. Tumekuwa waongo wawili kitanda kimoja, mke mwenzangu."

Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliguna. Alimwambia mama yake, kwa adabu lakini bila kuzunguka, kwamba yeye huuliza kila siku mama ameamkaje ili ajue, na angejua siku ya kwanza angekwisha kulirudisha. Bibi aliinamisha kichwa. Si kila siku mtoto anakuwa na haki mbele ya mama yake, na bibi alikubali kwamba hiyo ilikuwa mojawapo.

Kisha akamgeukia mjukuu. "Hebu niambie. Akija mteja mnene, fundi humpima nani?"

"Huyo mteja."

"Na kama mteja hana nafasi, nikupime wewe badala yake?"

Chiriku alitikisa kichwa. Alikuwa ameandika vipimo vya watu mia na zaidi kwenye daftari lile, na hakuwahi kumwandikia mtu kifua cha mwingine.

Jumamosi iliyofuata ndiyo iliyokuwa siku ya mashindano ya kamba. Chiriku alimwendea nahodha wa timu mapema, akamwambia hatakuwepo na kwa nini. Nahodha alinuna, akampa nafasi msichana mwingine. Chiriku akarudi kumchukua bibi. Walisalimia kila mlango na kupumzika kila kivuli. Habari za mbuzi ziliulizwa pia, na walipofika dukani jua lilikuwa limepanda. Baba aliwafuata na mkokoteni wenye lile godoro laini.

Chiriku alimwamkia Bwana Usingizi na kumwomba radhi kabla hajaulizwa. Mzee alilizunguka godoro, akalikagua pande zote. Nailoni ilikuwa nzima, hata pembe haijachanika. Akasema angekuwa hana la kufanya kama ingekuwa imechanwa, lakini hivi atalibadilisha. Bibi alimtupia baba jicho la ushindi, na baba akajifanya hakuliona.

Bwana Usingizi aliianza kazi yake kwa makini ambayo Chiriku hakuwa ameitarajia kwa mtu anayesinzia hivyo. Alimvua bibi viatu, akamwuliza hulala upande gani, akampa mto. Godoro gumu sana, alieleza, husukuma bega na nyonga mpaka vikauma. Laini sana humzamisha mtu, na mwenye viungo vibovu hawezi kujigeuza wala kuinuka. Linalofaa wengi wenye shida hiyo ni la katikati, lenye sponji iliyoshikana. Lakini "wengi" si mtu, alisema, kwa hiyo kila mmoja lazima alale ajionee, dakika kumi na tano, si kuketi na kuinuka.

La kwanza bibi alilikataa baada ya dakika tano, bega lilimlalamikia. La pili alilivumilia, akajigeuza, akasema ni zuri ila kiuno kinaning'inia. La tatu alilala kimya. Chiriku alisubiri maoni. Zikapita dakika tano, kumi, kumi na tano. Ndipo duka zima likasikia mkoromo mnene, wa raha, wa mtu aliyekuwa anaudai usingizi wa wiki nzima. Mteja mmoja mlangoni aligeuka akaanza kucheka. Baba alitaka kumwamsha mama yake kwa aibu, Bwana Usingizi akamzuia kwa kidole mdomoni.

"Mwache," alinong'ona. "Huyo ameshachagua."

Siku ile ile baba alikirekebisha kitanda. Aliongeza vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda ili bibi akiketi ukingoni magoti yasipande juu, na nyayo bado zifike sakafuni, aweze kuinuka bila kushika ukuta. Chaga mbili zilizolegea alizibadilisha. Muuguzi alishauri mto mdogo katikati ya magoti anapolala ubavu, kuvinyoosha viungo polepole kabla ya kushuka kitandani, na kupunguza usingizi wa mchana. Bibi alikubali yote, isipokuwa baba aliposema nailoni ya godoro jipya sasa ivuliwe. Hilo lilimchukua nusu saa ya kujadiliana. Mwishowe alichukua mkasi wake wa kazi, akaikata mwenyewe kwa mstari ulionyooka, akaikunja vizuri na kuiweka chini ya kabati, maana hujui.

Mgeni hakuondoka. Hilo ni lazima niseme, nisije nikawadanganya nami. Asubuhi vidole viliamka bado vimekakamaa, lakini beseni likarudi kuwa moja, na kufikia siku ya sita Chiriku alipofika mia mbili na hamsini, kidole gumba kilikunjika. Bibi alikitazama, akakikunja tena. Kisha akasema, "Niletee ule mfuko."

Kitambaa kilikuwa hakijafika sokoni. Shangazi alikuwa amekificha chini ya nguo zake, akijiambia kila siku atakipeleka kesho. Bibi alikata mkono mpya wa gauni. Alishona asubuhi vidole vikiwa na nguvu, alasiri akapumzika, na Chiriku akitoka shule alitunga uzi sindanoni na kupinda upindo wa chini, mshono mdogo mdogo, huku akisimulia habari za darasa zima bila nukta. Mshono wake wa kwanza ulifumuliwa. Wa pili pia. Wa tatu bibi aliupitisha.

Siku mbili kabla ya arusi, shangazi alilivaa gauni mbele ya kioo. Lilimkaa kana kwamba ameumbwa nalo. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, na safari hii alilia bila kumpa mtu mgongo. Bibi naye alilia, akasingizia sindano. Kisha akamvuta Chiriku karibu.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Katika miaka arobaini, nguo nilizoziharibu si zile nilizozikata vibaya. Ni zile nilizozipima kwa macho ili niwahi jambo lingine. Kazi uliyopewa kwa ajili ya mtu, ifanye na mtu huyo. Na ukishaikosea, sema siku hiyo hiyo, maana wewe ulikaa na uongo wako na mwili uliouma ni wangu."

"Nisamehe, bibi."

"Nilishakusamehe kabla hujaniomba. Sasa nikuambie kosa langu na mimi. Mtu akikusalimia njiani anapita, mwambie salama, aende zake, hiyo ni adabu. Lakini anayekuletea maji ya moto kila asubuhi, huyo mwambie salama na ila yake. Kumficha anayekupenda si kumpumzisha. Ni kumnyima kazi yake."

Asubuhi ya arusi nyumba iliamka na kelele, wageni uani, masufuria jikoni. Chiriku alipenya katikati ya wote na beseni lake la bluu. Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, nyayo zimefika sakafuni.

"Umeamkaje, bibi?"

"Salama," alisema bibi.

Chiriku hakuanza kuhesabu. Alilishika beseni, akasubiri.

"Ila goti la kushoto linanung'unika kidogo," aliendelea bibi, akitumbukiza mikono, "na wewe alfajiri umenipiga teke."

Chiriku alicheka, akaliweka goti la bibi juu ya mto, akaanza kuhesabu moja.